Jinsi ya kutengeneza kitanda cha kukunja ukutani kwa gharama ndogo

Chumba cha mita tatu kwa tatu kina mita za mraba 9. Weka humo kitanda cha sentimita 120 kwa 190, na robo ya sakafu imekwenda. Hapo hujaweka meza wala kabati, na pengine mlango haujapata pa kufungukia. Mchana kutwa kitanda hicho kimelala tu, hakina kazi ila kubeba nguo zinazosubiri kukunjwa.

Kitanda cha ukutani kinasimama mchana na kulala usiku. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1885 Sarah E. Goode, mwenye duka la samani mjini Chicago, alipata hataza ya kitanda kinachokunjwa kikawa dawati. Miaka ya 1910 William Murphy wa San Francisco akasajili cha kwake kinachoinuka na kuingia kabatini, na mpaka leo ukitafuta michoro ya vitanda hivi mtandaoni, jina la Murphy ndilo litakalokufikisha.

Kinachowakatisha watu tamaa ni bei. Cha dukani unalipia kabati kubwa, vyuma vya kunyanyulia, urembo na usafirishaji wa mzigo mzito. Ukitengeneza mwenyewe, au ukimpa seremala wa jirani vipimo vilivyonyooka, sehemu kubwa ya gharama hiyo inaondoka. Msimamo wangu ni huu: bana matumizi kwenye upana, mbao na urembo, lakini usibane hata senti moja kwenye bawaba, komeo na vifungio vya ukutani. Mwaka 2022 nchini Marekani vitanda vya ukutani vipatavyo 129,000 viliondolewa sokoni baada ya kadhaa kung'oka na kuwaangukia watu. Bibi mmoja wa miaka 79 alifariki. Hicho ni kitu cha dukani, chenye maelekezo na kila skrubu yake kwenye pakiti. Kwa hiyo usiidharau hatua ya ukuta hata kama fundi wako anakuambia misumari inatosha.

Kabla ya kununua ubao wowote

Jiulize nani atalala hapo na mara ngapi. Kama ni mgeni wa mara moja moja, godoro la kukunja mara tatu linalokaa juu ya kabati litamtosha, na mwongozo huu unaweza kuuachia hapa bila hasara. Kama ni wewe mwenyewe kila usiku, endelea. Mjamzito, mzee, au mtu mwenye mgongo unaomsumbua asipewe kazi ya kunyanyua kitanda. Kama anaishi peke yake, basi kitanda hiki si chake.

Kisha ukuta. Ugonge kwa kifundo cha kidole uusikilize. Ukuta wa zege, wa tofali la kuchoma au wa tofali la saruji lililojaa hutoa sauti nzito na hushika vizuri. Tofali lenye uwazi ndani linahitaji vifungio vyake maalumu vinavyofumuka kwa nyuma. Fisha za kawaida, vile vibomba vya plastiki vya kushikia skrubu, zitazunguka tu humo bila kukaza. Ukuta wa jipsamu au plaiwudi wenyewe haushiki kitu: skrubu ni lazima ziingie kwenye nguzo za ndani, ambazo mara nyingi hupangwa kila baada ya sentimita 40 au 60. Ukuta wa udongo, au ule ambao lipu inabomoka ukiikwangua kwa ufunguo, usiutundikie chochote.

Kama umepanga, omba ruhusa ya kutoboa matundu machache. Siku ya kuhama yatazibwa kwa lipu kidogo. Mwenye nyumba akikataa, achana na mpango huu. Kabati ambalo halikufungwa ukutani linaweza kuja mbele lote pamoja na kitanda chake.

Kwa nini kiinuke kwa ubavu

Vitanda hivi ni vya aina mbili. Kimoja kinainuka kwa urefu: miguuni kunapanda, mchagoni kunabaki chini, na kikisimama kinafika mita mbili na zaidi. Kingine kinainuka kwa ubavu, kikawa kirefu na kifupi kwa kimo, kama usawa wa kifua.

Kwa mtu anayebana matumizi napendekeza cha ubavu, tena cha mtu mmoja, na sababu yake ni hesabu. Kinachotesa bawaba na ukuta si uzito peke yake. Ni uzito mara umbali wa kitovu chake kutoka kwenye bawaba. Kitanda cha upana wa sentimita 97 na urefu wa 197 kikiinuliwa kwa ubavu, kitovu cha uzito kiko kama sentimita 48 kutoka kwenye bawaba. Kitanda hichohicho kikiinuliwa kwa urefu, kitovu kiko sentimita 98. Mzigo umekuwa maradufu na hujaongeza hata gramu moja. Zaidi ya hapo, cha ubavu ukingo wake hauvuki kimo cha kifua chako. Cha urefu lazima uusindikize mpaka juu ya kichwa, na hapo bila vyuma vya msaada utapata shida.

Kwa vipimo nitakavyotoa, kitanda pamoja na godoro na shuka kitakuwa na kilo 38 hadi 40. Ukiushika ukingo wa nje kuanza kunyanyua, mikono yako inabeba nusu tu, sawa na ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, na mzigo unapungua kadiri kinavyopanda. Mtu mzima mwenye afya anaweza. Cha ubavu kina kasoro moja: kinakula ukuta mrefu, zaidi ya mita mbili usio na dirisha la chini, swichi wala soketi.

Hatua ya 1: Chora sakafuni kwa chaki

Vipimo vyote hapa ni vya godoro la sentimita 90 kwa 190, unene 15. Kama lako ni tofauti, badilisha kila kitu kuanzia hapo, na pima godoro lenyewe, usiamini lebo.

Chora mstatili wa sentimita 204 kando ya ukuta na 122 kuja mbele. Hiyo ndiyo nafasi kitakayokula kikiwa kimeshushwa. Fungua mlango, vuta kiti, pita. Uache mstatili huo siku moja au mbili uone unaukanyaga mara ngapi saa za jioni.

Hatua ya 2: Vifaa

Karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 12, ya kawaida ya sentimita 244 kwa 122, inakutosha ukiikata kwa akili: kipande cha 92 kwa 192 kinakuwa tako la kitanda, ambalo kikisimama ndilo uso wake, na ukanda unaobaki pembeni unatoa rafu ya juu ya upana wa 25. Ongeza mbao za unene wa sentimita 2.5 na upana wa 15 kwa fremu, nyingine za upana wa 25 kwa sanduku la chini na pande mbili, na papi, yaani fito nyembamba za mbao, za 3 kwa 3.

Mbao za kitanda cha zamani zinafaa sana, mradi ziwe zimenyooka na kukauka. Zikague kila ufa chini ya mwanga mkali. Kunguni wakihamia kwenye kitanda kinachofungwa mchana kutwa, umewajengea nyumba. Chipubodi itumie kwa rafu za mapambo tu. Sehemu inayocheza kila siku skrubu zake hulegea, na zikilegea hazikazi tena.

Vyuma: bawaba tano nene za chuma, boliti za milimita 6 na nati na washa zake, makomeo mawili ya aina tofauti, na vifungio vya ukutani vinavyolingana na ukuta wako.

Hatua ya 3: Sanduku la chini na pande zake

Godoro likisimama linageukia ukuta. Kwa hiyo bawaba haiwezi kukaa ukutani, lazima ije mbele kwa unene wa godoro na matandiko. Ndiyo maana tunaanza na sanduku refu kama benchi: kimo sentimita 30, kina 25, urefu 199. Ndani weka vigawanyo viwili ili ubao wa juu usipinde, na usiache sehemu hizo bure. Humo ndimo mito na viatu vitakaa.

Kila mwisho wa sanduku simamisha ubao wa kina hichohicho cha 25, kutoka sakafuni hadi sentimita 129. Juu yake weka rafu. Utashawishika kuishusha ili ikibane kitanda vizuri, maana fremu ya 97 ikisimama juu ya sanduku la 30 inafika 127. Usiishushe. Fremu ina unene, na inapozunguka, kona yake ya ndani hupita juu kidogo kuliko mahali inapoishia; kwa vipimo hivi inapanda zaidi ya sentimita moja. Hizo mbili za ziada ndizo zinazoipitisha. Mafundi wengi wakikutana na kona hiyo huchukua randa wakaila fremu, kumbe kosa liko kwenye rafu.

Hatua ya 4: Funga ukutani

Hapa usiharakishe. Kwanza tafuta nyaya: mara nyingi hushuka au kupanda wima kutoka kwenye soketi na swichi, kwa hiyo usitoboe kwenye mstari huo. Kisha weka pima maji juu ya sanduku na timazi kwenye zile pande mbili. Sakafu ikiwa haijalala sawa, pachika vipande vyembamba vya mbao chini mpaka povu litulie katikati.

Nyuma, chini ya rafu na chini ya ubao wa juu wa sanduku, kuwe na ubao imara wa kupitishia skrubu. Funga sehemu nne juu na tatu chini. Kwenye ukuta mgumu tumia fisha za milimita 10 na skrubu za urefu wa milimita 80 au zaidi, na hesabu kina kuanzia tofali lilipo, si kuanzia lipu. Lipu ya sentimita mbili haishiki kitu. Toboa katikati ya tofali, epuka kiungio cha saruji kati ya tofali na tofali. Pulizia vumbi litoke kabla ya kuingiza fisha. Skrubu ikizunguka bila kukaza, tundu hilo limeharibika: sogea pembeni utoboe jipya. Usijaze njiti za kiberiti.

Ukimaliza, shika rafu ya juu kwa mikono miwili na ivute kwako kwa nguvu zako zote. Isicheze hata kidogo.

Hatua ya 5: Fremu ya kitanda

Mifumbati miwili (mbao za ubavuni) ya 197, vitakizo viwili (mbao za mchagoni na miguuni) vya 92 vikae katikati yake. Gundi ya mbao pamoja na skrubu kila kona, na upime mishazari yote miwili: ikilingana, fremu imenyooka. Ndani, usawa wa ukingo wa chini, zungusha papi kwa gundi na skrubu, na ongeza papi tatu za kukatiza upana. Plaiwudi inakaa juu ya papi hizo, kwa hiyo uzito wa mlalaji unaenda kwenye mbao na si kwenye skrubu.

Toboa plaiwudi matundu ya sentimita 3 kwa safu. Godoro linalofungiwa likiwa na jasho la usiku huvunda na kuota ukungu upande usioonekana. Kwa kuwa matundu hayo yatakuwa yanaonekana mchana, yapange yapendeze.

Hatua ya 6: Bawaba

Bawaba inakaa kwenye kona: jani moja juu ya ubao wa sanduku, ukingoni mwa mbele, na jani la pili nyuma ya mfumbati wa ndani. Kitanda kikishuka majani yanafunguka kama herufi L, kikipanda yanafumba na hayaonekani.

Mbao za unene wa 2.5 hazina nyama ya kutosha kushika skrubu ndefu, na skrubu fupi zitang'oka. Tumia boliti zinazopenya hadi upande wa pili, na washa chini ya kila nati. Kisha, mbele ya sanduku, funga papi ya urefu mzima, uso wake wa juu ukiwa usawa mmoja na ukingo wa chini wa mfumbati kitanda kikiwa kimelala. Mfumbati ukishuka unakalia papi hiyo, na bawaba zinapumzika usiku kucha. Kitu kidogo tu hiki, ila ndicho kinachofanya kitanda kisianze kulia baada ya miezi michache.

Watu wawili washike fremu, wa tatu afunge boliti. Usijaribu peke yako.

Hatua ya 7: Matendegu

Tengeneza tendegu moja pana badala ya mawili yaliyotengana: miguu miwili iliyounganishwa na ubao, upana wa sentimita 160, imefungwa kwa bawaba chini ya mfumbati wa nje. Kitanda kikisimama linaning'inia bapa usoni. Ukikishusha linajifungua lenyewe kwa uzito wake.

Hatari yake ni kujikunja mtu akiwa amelala. Weka kizuizi kinachoruhusu miguu iinamie nje sentimita mbili au tatu kupita wima, kisha uivute kwa mguu mpaka igote. Ikiinama hivyo, uzito unaisukuma kwenye kizuizi badala ya kuikunja. Ongeza kulabu kila upande.

Hatua ya 8: Komeo

Yawe mawili, na yasifunguke kwa namna moja. Moja katikati ya rafu linalojifunga lenyewe kitanda kinapofika. La pili pini inayopenya pembeni, ambayo lazima itolewe kwanza. Mtoto anaweza kubahatisha moja. Mawili yenye mpangilio humshinda. Na tangu siku ya kwanza ijulikane nyumbani kwamba hakuna anayejificha nyuma ya kitanda hicho.

Je, shokapu za gesi?

Ni zile fimbo zinazoshikilia mlango wa buti la gari. Kwa kitanda hiki si lazima. Kama kunyanyua kunakuchosha, au kama umeamua kutengeneza kikubwa zaidi, basi zinahitajika.

Nguvu yake imeandikwa kwa nyutoni, herufi N. Chukua kilo 40 mara 9.8 mara mita 0.48: unapata kama 190. Gawa kwa umbali kati ya bawaba na mstari wa msukumo wa shokapu, tuseme mita 0.15, inakuwa karibu N 1,250, au 625 kwa kila moja zikiwa mbili. Usichukue zote. Shokapu haipungui nguvu sana kitanda kinapopanda, lakini mzigo unapungua, kwa hiyo kilicholingana chini kitaruka juu. Mbili za N 400 zitakupa msaada mzuri na kitanda kitabaki chini bila kushikiliwa.

Fimbo inayong'aa ielekee chini kitanda kikiwa kimesimama, ili mafuta ya ndani yalainishe mpira wake. Usiwahi kuitoboa wala kuifungua, ndani kuna gesi yenye shinikizo kubwa. Na usifungue komeo wala kushusha kitanda kabla godoro halijawekwa na kufungwa: shokapu zimepangiwa uzito wake, na fremu tupu inaweza kukurukia usoni. Ukinunua za mtumba, pitisha kidole kwenye fimbo. Mafuta au mikwaruzo ni dalili kwamba mpira umekwisha.

Godoro, na wiki za mwanzo

Sponji nzito ya unene wa 15 ndiyo inayofaa. Ya springi ni nzito kupita hesabu zetu, na sponji laini huporomoka chini kitanda kikisimama, ukakishusha ukakuta limejikunja upande mmoja. Mikanda miwili ya kuvuka upana, yenye bizimu za kukazia, inalishika pamoja na shuka. Mito isibaki juu, haina nafasi.

Kabla ya kulala, kipandishe na kukishusha mara nyingi mfululizo ukisikiliza. Halafu watu wawili wakae ukingoni mwa nje, kisha katikati. Mlio wa mbao kusugua mbao si tatizo, piga msasa. Mlio wa chuma kugonga ni boliti haijakazwa. Baada ya wiki ya kwanza kaza nati zote, kwa sababu mbao mpya hutulia, na baada ya hapo kila miezi mitatu. Vumbi jeupe au jekundu likianza kuonekana sakafuni chini ya vifungio vya ukutani, usikishushe tena kitanda mpaka ujue tundu gani linacheza.

Asubuhi usikikunje mara tu unapoamka. Fungua dirisha, vuta shuka nyuma, kioge upepo nusu saa wakati wewe unaoga, ndipo ukinyanyue.